Homa ya Majaruba: Bakteria wa Maji na Udongo Waingiapo Katika Damu

Mvua za masika zinapokolea, Mto Kilombero huacha kingo zake na kutanda juu ya uwanda ulio baina ya milima ya Udzungwa, upande wa kaskazini-magharibi, na milima ya Mahenge, upande wa kusini-mashariki. Maji hayo ndiyo neema ya bonde. Huleta rutuba, hulea samaki, na huyajaza majaruba ambamo hustawi mpunga wa Ifakara unaosifika nchini kote. Uwanda huo ni mojawapo ya maeneo oevu makubwa ya Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka 2002 umo katika orodha ya kimataifa ya Mkataba wa Ramsar. Mkulima wa bonde hili hana namna ya kuyakwepa maji. Huyasubiri, huyaingia, na kwa miezi kadhaa huishi nayo hadi magotini.

Tumchukue mkulima mmoja wa mfano. Mwezi wa pili amehamia shambani pamoja na jamaa zake, mbali na kijiji, akajenga kibanda cha muda na dungu la kuwingia ndege. Anapandikiza na kupalilia akiwa miguu mitupu, maana tope la jaruba hung'ang'ania kiatu chochote. Siku moja bua la tete linamchanja mguuni. Ni jeraha dogo, wala halimzuii kazi. Baada ya siku kumi anapatwa na homa kali, kichwa kinamgonga, na misuli ya miguu inamuuma hata hawezi kusimama. Anatuma mtu dukani akamnunulie dawa ya malaria. Siku nne zinapita bila nafuu. Anapofikishwa hospitali macho yake yamekuwa ya manjano na mkojo umepungua. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu.

Je, mtu huyu anaumwa nini? Swali hilo ni rahisi kuuliza, lakini kulijibu kunahitaji maarifa, vifaa na subira. Jibu lake ndilo litakaloamua iwapo mkulima huyo atarudi shambani kuvuna.

HOMA ILIYOPEWA JINA MOJA

Ifakara ni mji wenye sifa ya pekee katika historia ya tiba nchini Tanzania. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi, alifika huko, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ya utafiti ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, karibu na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Maabara hiyo ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha Geigy tangu mwanzo ni papasi, yule mdudu wa nyumba za udongo, na homa anayoieneza. Homa ya papasi husababishwa na bakteria mwembamba aliyejisokota kama parafujo, anayeogelea katika damu ya mgonjwa. Kwa hiyo, utafiti wa Ifakara tangu siku zake za awali uligusa bakteria wanaoishi katika damu.

Hata hivyo, kwa miongo iliyofuata malaria ilitawala fikra za wote, na kwa haki. Bonde la Kilombero lilikuwa miongoni mwa mahali palipoongoza duniani kwa wingi wa mbu wenye vimelea. Watoto walikufa kwa malaria kila msimu. Majaribio ya chanjo na ya vyandarua vilivyotiwa dawa yaliyofanywa hapa katika miaka ya 1990 yaliupatia ulimwengu mafunzo makubwa. Lakini wingi huo wa malaria ulizaa mazoea yenye hatari: kila homa iliitwa malaria, na kila mwenye homa alipewa dawa ya malaria. Neno "homa" na neno "malaria" yakawa kama pacha katika kinywa cha mgonjwa na cha mganga pia.

Mazoea hayo yalipopimwa kwa mizani ya sayansi, yalionekana kuwa na upungufu mkubwa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa upya kwa hadubini, ni asilimia 46.1 tu waliokuwa na vimelea vya malaria. Tena, miongoni mwa waliokuwa na vimelea walikufa asilimia 6.9, na miongoni mwa wasiokuwa navyo walikufa asilimia 12.1. Wale waliotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao ndio waliokufa kwa wingi zaidi.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, uliwahusu watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na za Ifakara yenyewe. Watafiti walitafuta chanzo cha homa ya kila mtoto kwa vipimo vingi kuliko ilivyo kawaida. Malaria ilionekana kwa asilimia 10.5. Maambukizo ya njia ya hewa yalionekana kwa asilimia 62.2, mengi yakiwa ya virusi, na homa ya matumbo kwa asilimia 3.7. Baadhi ya watoto walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Kwa jumla, bakteria walionekana kwa mtoto mmoja kati ya kila watano hivi. Hapo ikadhihirika kwamba hata katika bonde lililosifika kwa malaria, homa ina majina mengi.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuelekeza, mwaka 2010, kwamba malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya kutibiwa. Leo kipimo cha haraka kinapatikana hata katika zahanati ya kijijini. Kipimo hicho kinajua kusema ndiyo au hapana kuhusu malaria. Kinaposema hapana, kinanyamaza, na mganga hubaki na mgonjwa mbele yake. Mara nyingi jina la malaria likikataliwa, linalofuata ni taifodi, kwa kutegemea kipimo cha Widal kilichobuniwa mwaka 1896, ambacho hudanganya mara kwa mara. Ndiyo kusema, jina moja lililozoeleka hubadilishwa kwa jingine lililozoeleka, na ugonjwa wenyewe ukabaki umejificha.

DAMU NA WALINZI WAKE

Damu ya mtu mzima mwenye siha haina bakteria. Bakteria waliomo kinywani, matumboni na juu ya ngozi ni wengi kupita hesabu, lakini ngozi na utando laini wa ndani huwazuia wasivuke. Wachache wanaopenya, kwa mfano mtu anapopiga mswaki, hukamatwa upesi na chembe nyeupe za damu na kuteketezwa katika ini na wengu.

Maambukizo ya damu hutokea pale ulinzi huo unaposhindwa. Huenda bakteria ni wakali mno, au wameingia wengi kwa mara moja, au mwili ulikwisha kudhoofika kwa utapiamlo, kisukari, upungufu wa kinga au malaria yenyewe. Bakteria wakishazagaa katika damu, mwili hupigana nao kila mahali kwa wakati mmoja. Mishipa midogo ya damu hulegea na kuvuja, shinikizo la damu hushuka, figo hukosa damu ya kutosha, mapafu hujaa maji. Wakati mwingine mapigano hayo huudhuru mwili kuliko bakteria wenyewe, na mgonjwa anaweza kufa katika muda wa siku moja au mbili.

Ieleweke pia kwamba kuonekana kwa vimelea vya malaria hakumwondolei mtoto hatari ya bakteria. Malaria huvunja chembe nyekundu na kuzishughulisha chembe za ulinzi, na hivyo kuwafungulia mlango bakteria wa jamii ya salmonela kutoka matumboni. Huko Muheza, mkoani Tanga, ilionekana kwamba malaria ilipopungua, maambukizo ya damu ya salmonela kwa watoto yalipungua pia.

Wengi wa bakteria wanaoingia katika damu hutoka kwa binadamu wenyewe. Lakini lipo kundi ambalo makazi yake ni maji, tope na udongo. Hao humvamia mtu pale anapokwenda kwao. Kwa mkulima wa mpunga, mvuvi, mfugaji na mtoto anayeogelea kwenye dimbwi, mwendo huo ni wa kila siku.

HOMA YA MGUNDA

Wa kwanza katika kundi hilo ni leptospira. Ni bakteria mwembamba, aliyejisokota mithili ya uzi wa parafujo, na ncha zake zimepinda kama ndoana. Kwa ukoo ni binamu wa yule wa homa ya papasi aliyemshughulisha Geigy. Ziko aina zake zaidi ya 250 zinazotofautishwa katika maabara. Panya ndiye mfugaji wake mkuu: leptospira hukaa katika figo za panya bila kumdhuru, na hutoka kwa mkojo. Ng'ombe, nguruwe, mbuzi na mbwa nao huweza kumbeba. Aina moja mpya iliyopatikana kwa ng'ombe mkoani Morogoro, na kuelezwa mwaka 2006, ilipewa jina la Sokoine.

Mkojo huo ukimwagika mahali pakavu penye jua, leptospira hufa upesi. Ukimwagika katika maji yaliyotuama au udongo wenye unyevu na vuguvugu, huweza kuishi kwa majuma na hata miezi. Jaruba la mpunga lina kila anachokihitaji: maji, joto, na panya waliofuata punje. Leptospira huingia mwilini kupitia mchubuko, au ngozi iliyolainika kwa kulowa mchana kutwa, au macho, pua na kinywa. Baada ya siku 5 hadi 14, kwa kawaida, homa huanza. Wengi hupona. Baadhi hupatwa na ugonjwa wenyewe hasa: macho ya manjano, figo kushindwa kazi, damu kutoka puani au mapafuni. Hali hiyo kali ilielezwa na Adolf Weil huko Heidelberg mwaka 1886, na bakteria mwenyewe akatambuliwa na Wajapani, Ryokichi Inada na Yutaka Ido, mwaka 1915, wakati wachimbaji wa makaa ya mawe walipokuwa wakiugua. Katika mashamba ya mpunga ya Italia na Hispania ugonjwa huu uliwaandama vibarua kwa miaka mingi.

Watanzania wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza mwezi Julai 2022. Katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka sana na kutokwa na damu puani. Hofu ikatanda. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 havikuonyesha ugonjwa wowote kati ya hiyo. Tarehe 18 Julai 2022 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, aliutangazia umma kwamba ugonjwa huo ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda. Kufikia wakati huo wagonjwa walikuwa 20, na 3 miongoni mwao walikuwa wamefariki.

Jina hilo lina hekima ndani yake. Katika lugha kadhaa za kusini mwa Tanzania mgunda ni shamba. Wajerumani nao waliuita homa ya shamba. Watu wa mabara mawili waliutambua ugonjwa kwa mahali unapopatikana, hata kabla ya kumwona bakteria wake.

Wala ugonjwa huu haukuzaliwa Lindi mwaka 2022. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi walichunguzwa kwa makini. Walipolazwa, asilimia 60.7 walihesabiwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Wagonjwa 40 walikuwa na homa ya mgunda. Ulimwenguni kote inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huwapata watu 1,030,000 kila mwaka na kuwaua 58,900, na wengi wao ni wanaume wenye umri wa kufanya kazi.

Jambo linalotia uchungu ni kwamba dawa zake zipo na si za gharama kubwa. Penisilini na doksisaiklini humwua leptospira zikitolewa mapema. Mkulima wetu wa mfano, mwenye macho ya manjano na mkojo haba, angetibiwa kwa urahisi katika siku zile nne alizozipoteza akimeza dawa ya malaria.

WALIOJIFICHA UDONGONI

Leptospira hukaa udongoni kama mgeni anayesubiri mwenyeji. Wako wengine ambao udongo ni kwao. Anayeogopwa zaidi huitwa Bukholderia pseudomalei, na ugonjwa wake ni melioidosisi. Alfred Whitmore na msaidizi wake Krishnaswami waliueleza kwa mara ya kwanza mjini Rangoon, Burma, kutokana na maiti walizozipasua mwaka 1911. Huwapata hasa watu wanaofanya kazi katika tope la mpunga. Kaskazini-mashariki mwa Thailand, madaktari wanaujua kama sababu kubwa ya vifo vya wakulima kwa nimonia na maambukizo ya damu, na wagonjwa wengi huwa na kisukari.

Bakteria huyu ana uvumilivu wa ajabu. Katika jaribio moja la maabara aliishi ndani ya maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chakula chochote, kwa miaka 16. Hukaa chini udongoni wakati wa kiangazi, kisha mvua zikinyesha hupanda juu. Huweza pia kujificha mwilini mwa mtu kwa miaka mingi kabla ya kuzusha ugonjwa. Lililo zito zaidi ni kwamba ampisilini na jentamaisini, dawa ambazo hospitali nyingi za wilaya huanza nazo kwa mgonjwa mahututi, hazimdhuru. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa Thailand ulioonyesha kwamba dawa iitwayo seftazidaimu ilipunguza vifo vya melioidosisi kali kutoka asilimia 74 hadi 37. Kumjua kwa jina, basi, ni nusu ya kumtibu.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulidhaniwa kuwa wa Asia na Australia tu. Mwaka 2016 wanasayansi walichora ramani ya dunia kwa kulinganisha udongo, mvua na joto la mahali unapojulikana na mahali pengine. Walikadiria wagonjwa 165,000 na vifo 89,000 kwa mwaka, na ramani yao iligusa sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki ambako ugonjwa huripotiwa kwa nadra au hauripotiwi kabisa. Malawi, nchi jirani, ulithibitishwa kwa mtoto mmoja mwaka 2011. Aligunduliwa kwa sababu hospitali aliyopelekwa, mjini Blantyre, ilikuwa na mazoea ya kuotesha damu ya watoto wenye homa.

Yupo mwingine wa kutajwa, ingawa huonekana mara chache sana duniani. Huyo ni Kromobakteria violaseumu, mkazi wa maji na udongo wa nchi za joto, ambaye akioteshwa hutoa rangi ya zambarau iliyokoza kama wino. Kwa kawaida hamdhuru mtu. Lakini akiingia kwenye jeraha la mtoto aliyeanguka katika maji ya matope, huweza kufika kwenye damu, akajenga majipu katika ini na mapafu, na kuua kwa siku chache.

KUOTESHA DAMU

Bakteria hawa hujulikanaje? Hadubini peke yake haitoshi. Vimelea vya malaria huonekana kwa sababu huwa maelfu katika tone moja la damu. Bakteria katika damu ya mtu mzima aliye mgonjwa sana mara nyingi hawazidi 10 katika mililita nzima. Kuwatafuta kwa jicho ni kama kutafuta sindano katika ghala la mpunga. Njia ni kuwapa chakula na joto ili waongezeke wenyewe, na kazi hiyo huitwa kuotesha damu.

Muuguzi husafisha ngozi kwa dawa, kisha huchukua damu, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima na 1 hadi 3 kwa mtoto mdogo, na kuiingiza katika chupa yenye mchuzi wa virutubisho. Chupa huwekwa katika kabati lenye joto la mwili. Ikiwa bakteria wamo, wengi wao huonekana baada ya siku moja hadi tatu, lakini chupa hungojewa hata siku tano au zaidi. Mchuzi ukichafuka, tone lake hupakwa rangi kwa njia aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884, na jingine hupandwa kwenye sahani ya agari. Huko bakteria huota vichaka vidogo vinavyoonekana kwa macho, kila aina kwa umbo na rangi yake. Mwishowe hujaribiwa dawa ipi inawaua.

Kazi hii ina masharti. Umeme usikatike. Chupa zisiishe. Mtaalamu awepo hata siku ya mapumziko. Zaidi ya yote, damu ichukuliwe kabla ya mgonjwa kumeza dawa yoyote ya kuua bakteria. Hapo ndipo penye kikwazo kikubwa, kwa kuwa wagonjwa wengi hupitia duka la dawa kabla ya hospitali. Vidonge vichache vya kubahatisha huweza kuwapunguza bakteria kiasi cha kutoota katika chupa, wala visiwamalize mwilini.

Leptospira naye ana matata yake. Haoti katika chupa za kawaida. Huhitaji mchuzi maalumu na majuma kadhaa, kwa hiyo hutambuliwa zaidi kwa kupima majibu ya kinga katika damu, mara mbili kwa kupishana majuma, au kwa vipimo vya vinasaba. Maabara za namna hiyo ni chache, na wagonjwa wa homa ya mgunda wako wengi mbali nazo.

NI ADIMU, AU HAWATAFUTWI?

Vitabu huwaita wengi wa bakteria hawa "adimu". Neno hilo linataka uangalifu. Tai ni adimu mjini, maana wenye macho ni wengi na hawamwoni. Samaki wa kilindini huhesabiwa adimu kwa sababu nyavu chache hufika huko. Ugonjwa usiokuwa na kipimo mahali fulani huwa na hesabu ya sifuri mahali hapo, na sifuri hiyo hupelekwa katika taarifa, ikasomwa kana kwamba ni habari njema. Taarifa isiyoutaja ugonjwa haipangiwi fedha. Pasipo fedha hakuna kipimo, na pasipo kipimo sifuri huendelea kuandikwa.

Lipo na jambo jingine wanalolijua watu wa maabara. Bakteria wa maji na udongo huweza kuingia katika chupa kwa bahati mbaya, kutoka kwenye ngozi isiyosafishwa vizuri au vumbi la chumba. Mtaalamu huzoea kuwatupa kama uchafu. Bukholderia, akitazamwa kwa haraka, hufanana na hao wasio na madhara. Hivyo yaelekea kwamba baadhi ya wagonjwa hao "adimu" waliwahi kushikwa mkononi, wakatupwa pamoja na sahani. Tena bakteria huyo ni hatari kwa mtaalamu mwenyewe anayemfungua bila kinga, na asiyemtarajia hawezi kujikinga naye.

Mfano wa Blantyre na ule wa Ruangwa unafundisha somo moja. Katika mahali pote pawili bakteria walionekana pale tu mtu alipokataa kuridhika na jibu la kwanza. Bonde la Kilombero lina mpunga, mafuriko, panya, mifugo inayozidi kuongezeka, na wakulima wanaolala shambani miezi kadhaa. Lina pia taasisi ya utafiti yenye umri wa zaidi ya nusu karne. Mahali penye yote mawili, hatari na maarifa, ndipo pa kwanza kupaswa kutazamwa kwa makini.

KINGA NA WAJIBU

Mkulima hawezi kuambiwa aache jaruba. Lakini yapo mambo yaliyo katika uwezo wake. Gambuti husaidia pale tope lisipokuwa la kina, hasa wakati wa kukarabati mifereji na wa kuvuna. Mahali zisipofaa, jeraha lifunikwe kabla ya kuingia majini, na miguu ioshwe kwa maji safi na sabuni kila jioni, kisha ikaushwe. Chakula katika kibanda cha shambani kifunikwe, na ghala liinuliwe ili panya wasilifikie. Maji ya kunywa yachemshwe hata kama yanaonekana maangavu. Watoto wenye vidonda wasiogelee katika maji yaliyotuama. Mwenye kisukari ajihadhari kuliko wenzake.

Homa inapoanza, kipimo cha malaria kifanywe siku hiyohiyo, maana malaria bado inaua bondeni. Kikionyesha hakuna, safari ya zahanati isiishie hapo, na duka la dawa lisigeuzwe hospitali. Macho ya manjano, mkojo uliopungua, pumzi za haraka, kuchanganyikiwa au kutokwa na damu ni dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitali bila kungoja kuche.

Wajibu wa mkulima unaishia hapo, na wajibu wa taifa unaanzia hapo. Hospitali za mikoa na wilaya zilizo katika mabonde ya mpunga zinahitaji chupa za kuotesha damu kama zinavyohitaji vitanda. Madaktari wa mifugo na madaktari wa watu wanapaswa kupeana habari, kwa kuwa leptospira wa figo za ng'ombe na wa damu ya mkulima huweza kuwa mmoja.

Lakini chombo cha kwanza cha uchunguzi hakihitaji umeme wala fedha. Mwaka 1700 tabibu Mwitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, akawashauri waganga waongeze swali moja juu ya yale waliyorithi kwa wahenga wa tiba: mgonjwa anafanya kazi gani? Katika zahanati ya Kilombero swali hilo lingefuatwa na mengine mawili: umeingia maji gani katika majuma mawili yaliyopita, na ulikuwa na jeraha? Majibu yake huchukua nusu dakika. Mkulima wetu wa mfano angeyajibu yote, na mganga angejua, kabla ya siku ya nne, kwamba homa hii ina jina lake.